Mkono Unaochora Jukwaani Hutega Kitendawili: Jibu kwa Mchoraji Aliyealikwa na Kikundi cha Maigizo

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mchoraji mwenye miaka 29, nachora kwa mkaa na wino hapa Tanga. Kikundi cha maigizo kimenialika katika mchezo wa dakika 70 unaowahusu wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Wanataka nisimame jukwaani nikichora mubashara tangu mwanzo hadi mwisho, huku waigizaji wanne na mpiga zeze wakiendelea na kazi yao. Tumeshafanya mazoezi mawili mbele ya watu wachache. Mara zote mbili nilisifiwa sana, lakini watu walipoulizwa hadithi ilihusu nini, walibabaika. Mwongozaji anasema nichore haraka zaidi. Mwalimu wangu wa zamani anasema nikiingia kwenye maigizo nitaharibu mkono na kuishia kuwa mpaka rangi wa mandhari za watu. Isitoshe, mimi ni mwoga wa kutazamwa, na kikundi kimesema michoro yote itakuwa mali yao. Nimesikia kwamba William Kentridge wa Afrika Kusini amefanya kazi ya namna hii kwa miaka mingi. Yeye aliwezaje? Nikubali au nikatae?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeniuliza mambo kadhaa kwa pamoja, yaani kasi ya mkono, onyo la mwalimu wako, aibu yako na umiliki wa karatasi, na yote nitayagusa. Lakini sentensi iliyonifanya niweke chini kikombe cha chai ni ile uliyoiandika kwa kupita tu, kwamba watu walikusifu wewe huku hadithi ikiwapita. Hilo ndilo swali lako hasa, ingawa hukuliwekea alama ya kuuliza, na majibu ya mengine yote yanategemea namna utakavyolitatua hilo.

Nianze kwa kutofautiana na mwongozaji wako, kwa heshima zote. Kuchora haraka hakutasaidia, na huenda kukazidisha tatizo. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa jioni, mtu mmoja akisema "Kitendawili", na baraza zima likajibu "Tega". Kuanzia hapo hakuna aliyesikiliza kitu kingine, hata mama akiita kutoka jikoni, hadi jibu lipatikane au mtegaji apewe mji. Mkono unaochora mbele ya watu hutega kitendawili kwa njia hiyohiyo. Mstari wa kwanza unapojitokeza kwenye karatasi tupu, kila aliyekaa ukumbini huanza kubahatisha kama ni mlima, ni mgongo wa mtu au ni ukingo wa mashua. Macho ya binadamu huvutwa na kinachosogea na kinachobadilika, na akili haitulii mbele ya umbo ambalo halijakamilika. Hulikamilisha yenyewe, hukosea, hujisahihisha, na muda wote huo masikio huwa yamezibwa nusu. Mwigizaji aliye kando yako anaweza kuwa anatamka maneno mazito kuliko yote katika mchezo, na asipate wa kuyapokea, kwa sababu ukumbi umeshakujibu wewe "Tega". Ukichora haraka, utakuwa umetega vitendawili vingi zaidi kwa kila dakika.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Miaka mingi iliyopita nilichora jahazi zima jukwaani, kwa chaki nyeupe juu ya kitambaa cheusi, wakati mwigizaji aliyecheza mama wa mvuvi akiomboleza. Nilijivunia hasa kamba za tanga, ambazo nilizivuta kwa mistari mirefu bila kuinua mkono. Nilipomaliza kamba ya mwisho, ukumbi ulilipuka kwa makofi, katikati ya kilio cha yule mama. Alimalizia maombolezo yake kwa sauti ndogo, akatoka, na hakunisalimu kwa wiki nzima, na sikuwa na cha kumlaumu. Baadaye tuliugeuza mpangilio: jahazi likawa linachorwa kabla hajaingia, na alipoanza kuomboleza nilisimama nikiwapa watu mgongo, nikifuta tanga polepole kwa kiganja. Kufuta kitu ambacho watu wameshakijua hakutegi kitendawili chochote, kwa hiyo masikio yao yalibaki wazi kwake. Safari hiyo hakuna aliyepiga makofi, nasi hatukuyahitaji.

Kwa hiyo, kabla ya zoezi lijalo, chukua mswada wa mchezo na kalamu nyekundu, upige alama kila mahali ambapo maneno yanasimama: zeze linapolia peke yake, wapagazi wanapovuka mto, mtu anaposubiri jina lake liitwe. Katika mchezo wa dakika 70, usishangae ukipata dakika kumi tu au zaidi kidogo. Hizo ndizo dakika ambazo mkono wako unaweza kutega. Katika dakika nyingine zote mkono utulie, au ufanye jambo ambalo jibu lake linajulikana, kama vile kukolezea giza kwenye usiku ambao umeshachorwa, au kufuta. Najua kwamba kusimama bila kuchora kutakutia kiwewe mwanzoni, kwa kuwa umealikwa kama mchoraji na utajiona kama mtu anayelipwa bila kazi. Lakini hata mpiga zeze hapigi kwa dakika 70, wala hakuna anayemwona mvivu.

Fikiria pia unapoanzia mstari. Kwa mazoea tuliyofundishwa, mchoraji wa mtu huanza na kichwa. Ukimchora mpagazi kwa kuanza na kichwa, watu watapata jibu mapema, na kinachofuata kitakuwa mapambo. Anza na mzigo. Weka juu kabisa ya karatasi umbo zito la pembe nne, jeusi, lisiloeleweka, kisha uache. Mwigizaji aingie, aongee, apite chini ya lile umbo. Dakika kadhaa baadaye, zeze likiwa peke yake, shusha mistari miwili mifupi ya shingo. Hapo kila mtu ataelewa kwa mkupuo mmoja kwamba lile jeusi lililokuwa likining'inia juu ya mwigizaji muda wote lilikuwa mzigo, na kwamba chini yake palikuwa na mtu. Jibu litakuwa limetolewa na shingo, kwa mistari miwili, na wewe hutakuwa umemkatiza mtu hata neno moja.

Sijauchagua mfano wa shingo kwa bahati. Kentridge unayemtaja aliongoza mwaka 2018 onyesho kubwa juu ya mada hiihii ya kwenu, Waafrika waliotumikishwa katika Vita vya Kwanza, hasa wapagazi, na jina lake limetokana na methali ya Ghana isemayo kwamba kichwa na mzigo ni shida za shingo. Lilianza London, katika ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, na mwishoni mwa mwaka huohuo likaonyeshwa New York. Humo waigizaji, waimbaji na wacheza ngoma walipita kwa msururu mrefu mbele ya michoro ya mkaa iliyorushwa kwa projekta, wamebeba maumbo yaliyokatwa kwa mikono, na vivuli vyao vikaangukia juu ya michoro hadi ikawa vigumu kujua kipi kimechorwa na kipi ni mtu. Muziki ulitungwa na Philip Miller pamoja na Thuthuka Sibisi, na miondoko ilibuniwa na Gregory Maqoma. Wewe uliye Tanga huhitaji kuelezwa kwa nini mada hiyo inatugusa: mapigano ya Novemba 1914 yalikuwa mlangoni kwenu, na jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, kama la Kariokor ya Nairobi, limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza, tulivyolitamka sisi wenyewe.

Umeuliza aliwezaje. Hapa kuna dhana potofu ambayo naisikia mara nyingi, kwamba Kentridge alikuwa mchoraji aliyekamilika kwanza, kisha akajitanua kuelekea maigizo. Mambo hayakwenda hivyo. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1955, na katika miaka ya 1970, wakati bado anatafuta njia, alikuwa tayari mmoja wa wanakikundi wa maigizo walioanzisha Junction Avenue Theatre Company. Chuo kikuu alisoma siasa na masomo ya Afrika, sanaa ya uchoraji akajifunza Johannesburg Art Foundation, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenda Paris katika shule ya Jacques Lecoq, ambako mwigizaji hufundishwa kwa mwili kabla ya maneno. Alitoka huko akiwa amekubali kwamba uigizaji si fungu lake. Hata hivyo amesema mara nyingi kwamba mengi anayoyajua kuhusu kuchora aliyapata katika shule ile ya maigizo, na mimi naamini, kwa sababu mtu aliyefundishwa kuhisi uzito wa hatua kwenye nyonga zake hawezi tena kuchora mguu kama fimbo. Filamu yake ya kwanza katika mfululizo wa michoro ya mkaa uliompa jina ilitoka mwaka 1989, na mwaka 1992 alianza kufanya kazi na Handspring Puppet Company, kikundi cha vikaragosi kilichoanzishwa mwaka 1981 na Adrian Kohler, Basil Jones na wenzao. Ukihesabu, utaona kwamba maigizo yalimtangulia yule Kentridge tunayemjua. Hivyo usijione kama mtu anayetoka nyumbani kwenda ugenini.

Katika ushirikiano huo na watu wa vikaragosi kuna somo linalotibu shida yako moja kwa moja. Wachezeshaji wao hawajifichi. Wanasimama wazi jukwaani, na bado baada ya muda mfupi mtazamaji huwasahau na kumwona karagosi peke yake. Siri ni kwamba mchezeshaji humtazama karagosi bila kupepesa na kuvuta pumzi pamoja naye, na mtazamaji hufuata macho ya mtu aliye jukwaani kuliko anavyodhani. (Neno lenyewe, karagosi, limetufikia kutoka kwenye mchezo wa vivuli wa Waturuki, ambamo maumbo ya ngozi yaliyochorwa na kukatwa huchezeshwa nyuma ya kitambaa chenye taa, kwa hiyo ndoa ya mchoro na maigizo imo ndani ya lugha yetu kitambo.) Waombe waigizaji wako wanne wafanye jaribio: wewe chora, nao wasikutazame hata mara moja. Kisha rudieni, mmoja wao ageuke akautazame mchoro kwa pumzi tatu, halafu arudishe macho kwa mwenzake. Utashangaa ukumbi unavyogeuka naye na kurudi naye kama bawaba ya mlango. Hicho ndicho chombo ambacho mwongozaji wako hajakitumia. Kuwarudisha watu kwenye hadithi ni kazi ya macho ya waigizaji, wala haimo katika mkono wako peke yako.

Sasa kuhusu mkaa, kwa kuwa umebahatika kuupenda tangu mwanzo. Wino hunywewa na karatasi na kuwa sehemu yake. Mkaa hukaa juu tu, unga ulionasa kwenye vinyweleo vya karatasi, na ndiyo maana unaweza kuufuta kwa kitambaa, kwa kifutio au kwa upepo wa pumzi. Lakini haufutiki wote. Chembe zilizozama kwenye mashimo madogo hubaki, na pale palipokuwa na mtu hubaki doa la kijivu, kama alama ya chungu kwenye sakafu. Kentridge amejenga njia yake nzima juu ya upungufu huu. Hubandika karatasi moja ukutani, huchora, huenda kwenye kamera iliyosimama hatua chache nyuma na kupiga picha moja au mbili, hurudi, hufuta sehemu, huchora upya, na kurudia safari hiyo mamia ya mara, hadi karatasi moja iwe imebeba tukio zima. Katuni za kawaida huhitaji mchoro mpya kwa kila hatua ya mwendo, lakini yeye humaliza filamu ya dakika kadhaa kwa karatasi makumi machache, na katika kila moja unaona njia ambayo kitu kimepita kabla ya kufika kilipo.

Kwa mchezo wenu jambo hili lina thamani kubwa. Wapagazi wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wakazikwa njiani pasipo majina. Ukimchora mtu, ukamfuta, na doa lake likabaki, kisha ukachora mwingine juu ya doa hilo, na mwingine tena, kufikia mwisho wa mchezo karatasi itakuwa imesema jambo ambalo hakuna mwigizaji aliyepewa kulitamka. Kwa hiyo tumia karatasi moja nene kwa onyesho zima badala ya kubadilisha karatasi mpya kila onyesho dogo kama nadhani mnavyofanya sasa, na uache wino nyumbani.

Una njia tatu za kuingia, nami nitazipima kwa uaminifu. Kuchora mubashara, walivyokuomba, kuna joto ambalo njia nyingine hazina. Watu wanajua kwamba kosa linaweza kutokea mbele yao. Gharama yake ni hiyo tuliyokwisha kuieleza, na pia udhaifu wa kawaida: siku mkono ukiwa mzito, mchezo nao utakuwa mzito. Njia ya pili ni michoro iliyorekodiwa na kurushwa kwa projekta, na uelewe kwamba sehemu kubwa ya kazi ya Kentridge kwa jukwaa iko hivi. Mkono wake upo kwenye mwendo wa mchoro, yeye mwenyewe mara nyingi hayupo jukwaani. Katika mchezo alioufanya na Handspring mwaka 1997 kuhusu Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, mistari ya chaki nyeupe kwenye weusi ilirushwa nyuma ya waigizaji, huku ushahidi wa waathirika ukitolewa na vikaragosi, kwa kuwa waliona si haki mwigizaji ajifanye ndiye aliyeteswa. Mumo humo kulikuwa na mamba ambaye mwili wake ni mfuko, akilishwa nyaraka za ushahidi ili zipotee. Tazama jinsi mchoro, karagosi na mtu walivyogawana kazi: kila mmoja alifanya kile ambacho wenzake wasingeweza kukifanya bila kukiharibu. Njia ya tatu ni maumbo ya kukatwa na vivuli, ambayo ni rahisi, haihitaji umeme mwingi na hukuondoa kabisa mbele ya macho ya watu, lakini utapoteza kufuta na doa lake, na kwa hadithi yenu hiyo ni hasara.

Mimi ningechanganya ya kwanza na kidogo cha ya pili: hizo dakika kumi au zaidi kidogo za mkono mubashara, na mahali pawili hivi pa mchoro uliorekodiwa, tuseme msururu wa wapagazi wanaotembea, ambao kwa mkono mmoja huwezi kuutembeza mbele ya watu. Mkitumia projekta kutoka mbele, kivuli cha mwigizaji kitaanguka kwenye picha. Amueni mapema kama kivuli hicho ni mhusika au ni uchafu, kwa sababu kisichoamuliwa huonekana kama uzembe. Mwongozaji akipendekeza mkono wako upigwe kamera na kurushwa palepale, jueni kwamba picha huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mpiga zeze akijaribu kwenda sambamba na mstari unaouona ukutani mtavurugana. Afuate bega lako, asifuate picha. Pia muwe na mpango wa umeme ukikatika. Karatasi iliyopo jukwaani na karabai moja vinaweza kuokoa jioni nzima.

Aibu yako si kikwazo kikubwa kama unavyoiona. Mchoraji ana ruhusa ambayo mwigizaji hana, ya kuwapa watu mgongo saa nzima bila kukosa adabu. Kinachomtisha mwoga ni kutokuwa na kazi ya kufanya na mikono yake, na wewe unayo. Jambo la kuzoeza ni mwili: jukwaani mstari hutoka begani na kiunoni, si kwenye kifundo cha mkono, na mstari mwembamba sana hauonekani vizuri safu za nyuma. Funga kipande cha mkaa kwenye ufito wenye urefu wa mkono wako, simama mbali na karatasi, na uchore hivyo nusu saa kila asubuhi kwa wiki mbili. Mistari itayumba, kisha itatulia. Baada ya kila zoezi nenda ukaketi kiti cha mwisho kabisa ukatazame ulichokiacha.

Mwalimu wako wa zamani nampa nusu ya haki. Ni kweli kwamba jukwaa hufundisha mkono ujanja. Ukishagundua mstari unaowafanya watu waseme "aah", utaurudia hata ukiwa peke yako chumbani, na hapo mkono umeanza kuoza. Kinga yake ni kuendelea kuchora kila siku vitu ambavyo hakuna atakayeviona, tena kwa penseli, tena vidogo. Lakini kuhusu kuwa mpaka rangi wa mandhari, kwanza ningemkumbusha kwamba kupaka mandhari vizuri ni ufundi mzito, na pili kwamba wewe hukuombwa mandhari. Karatasi ambazo Kentridge amefutafuta kwa ajili ya filamu na jukwaa hutundikwa makumbushoni kama michoro kamili, pamoja na madoa yake yote. Huo ndio mfano wa kumwonyesha, kama bado mnazungumza.

Kuhusu umiliki, tafadhali usikubali kwa mdomo. Karatasi uliyoichora ni kitu kimoja, na haki ya kuinakili, kuirekodi na kuichapisha ni kitu kingine, na mkataba mzuri huvitaja vyote viwili mbalimbali. Ningependekeza karatasi zibaki kwako, na kikundi kipewe ruhusa ya maandishi kutumia michoro hiyo katika onyesho na matangazo yake kwa muda mtakaokubaliana. Kikundi kikinunua karatasi na mkaa, hicho ni kifaa cha kazi kama taa na maikrofoni, hakiwafanyi kuwa wenye mchoro. Kwa upande mwingine, nawe uwe mwungwana: iwapo ule mkao wa shingo ulitokana na mwigizaji aliyeinama siku ya zoezi, jina lake liandikwe popote mchoro huo utakapoonyeshwa. Kazi ya pamoja huvunjika kwa majina yaliyosahauliwa mara nyingi kuliko kwa fedha. Na dai malipo ya siku za mazoezi, kwa sababu kazi yako kubwa itafanyika huko.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na itakupasa umwone mtu ana kwa ana. Mkataba wenyewe upeleke kwa mwanasheria au uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kutia saini. Projekta na nyaya zishughulikiwe na fundi wa umeme wa jukwaa, hasa mkitundika kitu chochote juu ya vichwa vya watu. Ile dawa ya kupuliza ya kugandishia mkaa isitumike ukumbini, kwani mvuke wake huwaka moto na hudhuru mapafu; itumike nje. Ukiwa na pumu, au bega likiuma kwa zaidi ya wiki moja, mwone daktari kabla ya kuendelea na ufito. Na kama unataka jicho la mtu anayeelewa pande zote mbili, taasisi ya TaSUBa ya Bagamoyo ina walimu wa uchoraji na wa maigizo chini ya paa moja, na Nafasi Art Space ya Dar es Salaam huwakutanisha wachoraji na watu wa maonyesho. Saa mbili za mtu kukutazama ukifanya kazi zitakufaa kuliko kurasa zangu kumi.

Kwa hiyo, nikubali au nikatae? Kubali, lakini kwa sharti la majaribio ya wiki mbili kabla ya mkataba wa mwisho. Kentridge na msanii mwenzake Bronwyn Lace walianzisha Johannesburg mwaka 2016 kituo kizima kwa ajili ya majaribio kama hayo, wakakipa jina kutokana na methali ya Kitswana inayosema kwamba mganga mzuri akishindwa kukuponya, umtafute yule asiye mzuri sana. Wazo la mwongozaji wenu, la kuchora dakika zote 70, lilikuwa yule mganga mzuri, na ameshashindwa mara mbili.

Katika zoezi la kwanza la wiki hizo, chagueni onyesho la kuvuka mto na mlicheze mara tatu mbele ya watu watano wasioujua mchezo: kwanza bila mchoro, kisha mchoro peke yake na zeze, kisha vyote pamoja, wewe ukishusha mkono kila mtu anapofungua kinywa. Msiwaulize kama wamependa. Waulizeni mwigizaji alisema nini mtoni, na mwandike majibu yao. Pale watakaposhindwa kukumbuka, fungua mswada, utafute mstari uliokuwa ukiuchora wakati huo, na uusogeze hadi baada ya neno la mwisho.